Je, raga ndiyo iliyomuua Rob Burrow?

Mama mmoja wa Nakuru ameniandikia hivi: "Kijana wangu yuko Kidato cha Tatu, ana miaka 16 na kilo 54. Shuleni anacheza raga. Ukutani amebandika picha ya Mwingereza anaitwa Rob Burrow, na kila nikimwambia yeye ni mdogo mno kwa mchezo ule ananijibu, 'Mama, huyu naye alikuwa mfupi.' Juzi nikamtafuta huyo Burrow kwenye simu. Nikakuta alifariki 2024 akiwa na miaka 41, hata kutembea na kusema kulikuwa kumemshinda. Tangu siku hiyo silali vizuri. Je, raga ndiyo iliyomuua? Na hawa wachezaji wa kulipwa, wakistaafu huishije? Nimkataze kijana au nimwache?"

Mama, shikamoo kwanza, na pole kwa usingizi uliopotea.

Hakuna daktari anayeweza kukuapia kwamba raga ndiyo iliyomuua Rob Burrow, na hakuna anayeweza kukuapia kwamba haikuhusika. Ukimpata mtu anayelijibu swali lako kwa neno moja, mwache aende zake. Lakini tunayoyajua si haba, na nitakupangia hapa kadiri ninavyoyaelewa mimi, mtu wa fiziotherapia niliyekaa pembeni mwa viwanja vya raga miaka mingi na mfuko wa barafu mkononi. Nianze na huyo aliye ukutani, kwa sababu kijana wako ana hoja, ingawa ni nusu ya hoja.

Burrow hakucheza raga anayocheza mwanao. Yeye alicheza ile ya wachezaji 13, ambayo watu wa kaskazini mwa Uingereza huiita ligi. Zamani ulikuwa mchezo mmoja. Tarehe 29 Agosti 1895 klabu za kaskazini zilikutana katika George Hotel mjini Huddersfield zikajitoa, na ugomvi ulikuwa wa pesa, tena pesa ndogo. Wachezaji wao walikuwa wachimba makaa ya mawe na vibarua wa viwanda vya nguo. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, na aliyeacha zamu ili akacheze alikatwa mshahara. Klabu zikataka kumfidia. Waheshimiwa wa kusini, ambao hawakuwa na zamu ya kukosa, wakasema raga hailipwi. Wakaachana hapo, na ile ya wachezaji 15 ilikataa malipo ya wazi hadi mwaka 1995, miaka 100 baadaye.

Sheria nazo zikabadilika. Kwenye ligi mtu akiangushwa hawamrundikii juu ya mpira. Anaachiliwa, anasimama, anausukuma mpira nyuma kwa mguu, na mchezo unaendelea. Timu ikiangushwa mara sita inatoa mpira kwa wenzao. Inaonekana safi kuliko ile ya 15, na macho hufurahi, ila angalia maana yake kwa mwili: mtu anakimbia moja kwa moja kuwavaa watu watatu waliojipanga kumngoja, anaangushwa, anainuka, na mwenzake anafanya vilevile sekunde chache baadaye. Mchezaji wa katikati anaweza kukaba, yaani kumdaka mwenye mpira na kumwangusha, mara 30 au 40 katika dakika 80. Zidisha kwa mechi za msimu, kisha kwa miaka 15.

Sasa Burrow. Alizaliwa Pontefract, Yorkshire, tarehe 26 Septemba 1982, akajifunzia mchezo katika timu ya watoto ya Featherstone Lions, kwenye eneo la miji ya machimbo ambako ligi ni kama maji ya kunywa. Mwaka 2001 aliichezea Leeds Rhinos mara ya kwanza, akiwa na miaka 18. Urefu wake ulikuwa sentimita 165 na uzito kilo sitini na kitu. Mbele yake walisimama mafowadi, wale wachezaji wakubwa wa safu ya mbele, wa kilo 100 na zaidi. Kwa miaka mingi alitajwa kuwa mchezaji mdogo kuliko wote katika Super League, ligi kuu yao.

Hakuhama. Alicheza mechi 492, zote kwa Leeds, akivaa jezi namba 7 na mara nyingine akihamia nafasi ya namba 9. Alitwaa ubingwa wa ligi mara nane kati ya 2004 na 2017, na fainali hizo huchezwa Old Trafford, ule uwanja wa Manchester United ambao mwanao bila shaka anaujua kwa sababu nyingine. Mwambie atafute fainali ya 2011 dhidi ya St Helens. Leeds walimaliza msimu wakiwa wa tano, hakuna aliyewapa nafasi. Burrow alianzia benchi. Akaingia, akapokea mpira, mtu wa kwanza akanyoosha mkono kumzuia kwa juu na yeye akapita chini yake kama mtoto anayepita chini ya meza, kisha akapinda kulia na kushoto mpaka walinzi wa nyuma wakabaki wakitazamana, akafunga trai, yaani akautua mpira nyuma ya mstari wao. Leeds walishinda 32 kwa 16. Waandishi 37 walipiga kura kumchagua mchezaji bora wa fainali hiyo, na wote 37 waliandika jina moja. Haikuwahi kutokea kabla yake.

Nilisomea kazi yangu Leeds kwa miaka miwili, na niliwahi kumwona kwa macho yangu pale Headingley, uwanja wao wa nyumbani, nikiwa nimesimama jukwaani na koti mbili kwa baridi. Kilichonishangaza hakikuwa mbio. Nilishangazwa na namna alivyokaba. Mtu mfupi akimkaba pandikizi kwa juu atabebwa kama mzigo. Yeye alishuka, akaingia magotini, akayafunga mapaja kwa mikono miwili na kugandamiza shavu lake kwenye paja la yule mtu, upande salama, kichwa kikiwa nyuma ya mwili unaoanguka. Yule mkubwa alianguka kama mgomba. Hiyo ni kazi ya mikono, mama, hufundishwa na kurudiwa kama fundi anavyorudia kupiga randa. Kijana wako akikuambia "huyu naye alikuwa mfupi," mjibu: ndiyo, lakini nani amekufundisha kukaba kama yeye?

Hapo ndipo nusu ya pili ya hoja inapokosekana. Burrow alilelewa na akademia ya klabu ya kulipwa, yenye makocha, chumba cha vyuma, daktari na mtu wa kazi yangu kila siku ya mazoezi. Shule nyingi za kwetu zina mwalimu mmoja mwenye moyo na mipira minne. Tena sisi tunapanga vijana kwa umri au darasa. New Zealand wana mashindano ya vijana yanayopangwa kwa kilo, na mimi huona wivu nikifikiria, kwa sababu nimemwona mtoto wa kilo 50 akigongana na mwenzake wa darasa moja aliyekuwa na ndevu.

Mechi ya mwisho ya Burrow ilikuwa Oktoba 2017, fainali tena, Leeds wakiwafunga Castleford 24 kwa 6. Akastaafu na medali shingoni, miaka 35.

Hapa nigusie swali lako la pili, wanaishije. Wengi hudhani mchezaji wa kulipwa Ulaya ni tajiri. Kwenye ligi hapana. Klabu ya Super League huwekewa kikomo cha mishahara kinachozunguka pauni milioni 2 kwa mwaka kwa kikosi kizima, ukiacha nafasi chache za nyota. Wapo wanasoka wa Ligi Kuu ya Uingereza ambao mmoja wao peke yake hupokea zaidi ya hizo. Mchezaji wa kawaida wa ligi huishi kama mtu mwenye kazi nzuri, analipa nyumba, anasomesha, ila akifika miaka 34 mshahara unakatika siku moja. Ukishuka daraja la pili, wengi hucheza huku wana ajira nyingine: mafundi bomba, walimu, wajenzi, watu wanaoingia mazoezini jioni wakiwa na saruji kwenye viatu. Hata Mkenya mwenzetu Lucas Onyango, aliyewahi kuvaa jezi ya taifa kwenye raga tunayoijua hapa, alivuka akacheza ligi kwa klabu za kaskazini zikiwemo Widnes na Oldham. Klabu hizo zina heshima kubwa, lakini usizichanganye na Manchester City.

Aliyetumikia klabu moja miaka 10 hupewa desturi ya zamani iitwayo mwaka wa shukrani: karamu, minada ya jezi, mechi maalumu, na mapato yanakuwa yake. Ni kiinua mgongo kinachotoka mifukoni mwa mashabiki. Wengi hawafikishi hiyo miaka 10. Goti huamua mapema.

Na mwili hudai. Kazini nimewashika wachezaji wastaafu wenye miaka 40 ambao asubuhi hushuka ngazi kinyumenyume kwa sababu magoti hayakunji. Gegedu limekwisha, bega limeshonwa mara mbili, vidole vimepinda. Huwa nawauliza, ungerudia? Karibu wote hucheka na kusema ndiyo. Siwaamini sana, kwa sababu anayeulizwa swali hilo na mtu wa fiziotherapia hujibu kama mwanamume.

Kuna maumivu mengine ambayo barafu haiyafikii. Mtu tangu miaka 16 ameambiwa saa ya kula, saa ya kulala, na kila wiki watu 15,000 wameimba jina lake. Kisha Jumatatu moja simu hailii. Septemba 2010 Terry Newton, aliyekuwa mchezaji wa kimataifa, alijiua. Msiba ule uliushtua mchezo mzima, na mwaka uliofuata ikaanzishwa State of Mind, programu inayopita kwenye vyumba vya kubadilishia nguo na kuwafundisha wanaume wakubwa kusema "sijisikii sawa". Nadhani ligi imefanya vizuri kwenye jambo hili kuliko michezo mingi yenye pesa zaidi, pengine kwa sababu ni mchezo wa miji midogo ambako mchezaji ni mtoto wa jirani na mazishi yake yanakuhusu.

Burrow alistaafu vizuri kuliko wengi. Alibaki Leeds akifundisha vijana wa akademia. Alikuwa na watoto watatu na mke, Lindsey, mtaalamu wa fiziotherapia aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali za umma. Kila tunachowahimiza wachezaji kukiandaa, yeye alikuwa nacho. Mwaka 2019 ulimi ukaanza kuwa mzito. Maneno aliyoyajua yakamgomea katikati, watu wakadhani amechoka au amekunywa. Desemba mwaka huo, miaka 37, miaka miwili tu baada ya ile fainali, akaambiwa ana ugonjwa wa niuroni za mwendo.

Nikueleze ugonjwa wenyewe. Kutoka ubongoni kwenda kwenye misuli kuna mishipa ya fahamu inayobeba amri: inua mkono, meza mate, vuta pumzi. Katika ugonjwa huu seli hizo za kubeba amri hufa moja baada ya nyingine. Misuli isiyoamrishwa husinyaa. Kwa wagonjwa wengi akili hubaki macho, mtu anaelewa kila kitu, anacheka mzaha, ila mwili unafungwa mlango baada ya mlango. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hawamalizi miaka miwili tangu waambiwe. Dawa ya kuuponya haipo. Iliyozoeleka, riluzole, huongeza miezi. Iko nyingine mpya, tofersen, inayolenga wachache wenye hitilafu ya jeni moja maalumu.

Tarehe 12 Januari 2020, wiki chache baada ya kuambiwa, klabu ilikuwa na mechi ya shukrani ya Jamie Jones-Buchanan, mwenzake wa miaka mingi. Headingley ilijaa. Dakika tano za mwisho Burrow akaingia uwanjani mara ya mwisho, na mabeki wa Bradford Bulls walijua wanachokiona.

Baadaye sauti ikaisha kabisa. Akawa anaongea kwa mashine inayosoma mwendo wa macho, na kwa kuwa alikuwa amehojiwa mara nyingi maishani, mafundi waliokota sauti yake kwenye mahojiano ya zamani wakaiweka ndani ya mashine. Watoto wake waliendelea kumsikia baba kwa lafudhi ileile ya Yorkshire. Wengi wangejifungia. Yeye aliruhusu kamera ziingie nyumbani, watu wakaona mke anavyomlisha na kumbeba, kwa sababu alitaka ugonjwa huo uwe na uso.

Nahodha wake wa zamani, Kevin Sinfield, akaanza kukimbia. Desemba 2020 alikimbia marathoni 7 kwa siku 7, kwa heshima ya jezi namba 7, akilenga pauni 77,777. Zikapatikana zaidi ya milioni 2. Mwaka 2021 akakimbia maili 101 kutoka Leicester hadi Leeds ndani ya saa 24. Mwaka 2022 akaanzia Edinburgh akaishia Old Trafford, siku saba, kila siku zaidi ya umbali wa marathoni. Tarehe 14 Mei 2023 ikafanyika marathoni ya Leeds yenye jina la Burrow. Sinfield alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu kilomita 42, na alipofika hatua chache kabla ya mstari akasimama, akainama, akamtoa kitini na kumvusha mstari akiwa amembeba mikononi, akambusu. Kama hujaiona picha hiyo, mwombe kijana akuonyeshe. Naamini ndiyo iliyo ukutani.

Burrow alifariki tarehe 2 Juni 2024, miaka minne na nusu tangu aambiwe. Kesho yake, tarehe 3, ujenzi wa kituo cha wagonjwa wa niuroni za mwendo chenye jina lake ulianza rasmi katika hospitali ya Seacroft, Leeds. Siku ilikuwa imepangwa kabla. Familia ikasema isiahirishwe.

Turudi kwenye kilichokunyima usingizi. Kwa mtu wa kawaida, uwezekano wa kuupata ugonjwa huu maishani mwake ni kama mmoja kati ya 300. Kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya 10 unatokana na ukoo. Waliobaki, chanzo hakijulikani. Lakini watu walianza kuhesabu majina. Doddie Weir, jitu la raga ya 15 la Scotland, alitangaza 2017 kwamba anao, akafa Novemba 2022. Kisha Burrow. Mwaka huohuo wa 2022 watafiti wa Glasgow wakatoa matokeo yao: walifuatilia wachezaji 412 waliowahi kuichezea timu ya taifa ya raga ya Scotland, wakawalinganisha na watu wengine zaidi ya 1,200 wa umri na maisha yanayofanana. Wachezaji walikuwa na hatari zaidi ya mara mbili ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, mara tatu ya Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, na mara 15 ya niuroni za mwendo.

Mara 15. Najua hiyo namba ndiyo uliyokutana nayo kwenye simu, kwa hiyo tuishike vizuri. Ugonjwa huu ni nadra. Katika kundi la watu 412, waliougua walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na kwenye namba ndogo hivyo mtu mmoja au wawili hubadilisha hesabu yote. Tena ni raga ya 15, wachezaji wa timu ya taifa, wa miaka ya nyuma. Haihusu moja kwa moja ligi, wala kijana wa shule wa Nakuru. Siidharau namba hiyo. Nasema tu inaonyesha moshi, na haijatuonyesha moto uko chumba gani.

Tena wengi hushuku mapigo ya kichwa, lakini huenda si kichwa peke yake. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield walieleza kwamba mazoezi makali ya mara kwa mara yanaweza kuchangia ugonjwa huu kwa watu waliozaliwa na jeni za aina fulani. Ikiwa ni hivyo, basi raga, mbio na kazi ngumu vyote vinaingia kwenye kesi, na wewe na mimi hatuna namna ya kujua nani amebeba jeni hizo. Kwa Burrow, kwa hiyo, jibu la haki ni kwamba haijulikani.

Palipo na ushahidi mzito zaidi ni kwingine, mama, na hapo ndipo ningependa wasiwasi wako uhamie. Mapigo ya kichwa yanayorudiwa, hata yale yasiyomzimisha mtu, huweza kuacha ugonjwa wa ubongo unaothibitishwa kwa kupasua ubongo baada ya kifo. Mwaka 2019 wataalamu wa Australia walitangaza kuukuta kwa wachezaji wawili wa zamani wa ligi, kwa mara ya kwanza katika mchezo huo. Ulikutwa pia kwa Paul Green, aliyekuwa mchezaji kisha kocha wa North Queensland Cowboys, klabu ya Australia, walipotwaa ubingwa 2015, aliyefariki 2022. Uingereza, Bobbie Goulding, nahodha wa zamani wa St Helens, alisema hadharani 2021, akiwa na miaka 49, kwamba amekutwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu wa mapema, na yeye na wenzake wakaanza kuwadai kisheria wasimamizi wa mchezo. Hoja yao haikuwa kwamba raga ni mbaya. Walisema hawakulindwa: walipigwa wakapoteza fahamu, wakarudishwa uwanjani.

Hilo la kurudishwa uwanjani nimeliona kwa macho. Shule moja, siitaji, mvulana aligonga kichwa kwenye goti la mwenzake, akainuka akaelekea upande wa goli lake mwenyewe. Nikasema atoke. Mwalimu akaniambia, "Yuko sawa, huyo ni simba." Dakika 10 baadaye simba alitapika kwenye mstari. Sikuwa na mamlaka ya kumtoa, nilikuwa mgeni tu mwenye barafu, na mpaka leo najilaumu kwa kuomba badala ya kuingia.

Basi, nimkataze au nimwache? Ningemwacha acheze, na ningekuwa mama msumbufu. Kijana wa miaka 16 ukimkataza atacheza kwa siri, na anayecheza kwa siri hatakuambia kichwa kinapomuuma. Hiyo ndiyo hatari ninayoiogopa kuliko zote.

Nenda kwa kocha wake, usiende na mabishano, nenda na maswali. Mwulize amewafundisha lini kukaba, na mwombe akuonyeshe kijana wako akifanya: kichwa upande gani, bega wapi, magoti yamekunjwa kiasi gani. Kocha anayejua kazi atafurahi kuulizwa. Mwulize siku ngapi kwa juma wanagongana mazoezini kwa nguvu kamili. Mapigo mengi mtu huyapata mazoezini, ambako hakuna refa wala mama, na yanapunguzika bila mchezo kuharibika. Na mwulize ni nani siku ya mechi mwenye neno la mwisho la kumtoa mtoto aliyegongwa kichwa. Akikuambia "mimi mwenyewe," basi mtu mmoja anataka kushinda na anataka kulinda kwa wakati mmoja, na mimi ningependekeza kazi hiyo apewe mwingine, hata kama ni mwalimu wa sayansi.

Usimnunulie zile kofia laini ukadhani umemaliza. Huzuia masikio kuchanika na ngozi kukatika. Ubongo unaotikisika ndani ya fuvu hazijui.

Akigongwa, dalili hazingoji kuzimia. Macho yenye ukungu, kichwa kuuma, kichefuchefu, kuuliza swali lilelile mara mbili, hasira isiyo na sababu, usingizi uliovurugika. Moja tu inatosha kumtoa, na siku hiyo harudi hata akililia. Akitapika mara kwa mara, akishindwa kuamshwa, au kichwa kikizidi kuuma, ni hospitali usiku huohuo. Mwongozo waliotoa Uingereza mwaka 2023 kwa michezo ya mtaani na shuleni unasema asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21, na hata hapo awe hana dalili. Kwa kijana ubongo bado unakua, kwa hiyo mimi huzihesabu hizo 21 kama chini kabisa. Kama kuna mtihani katikati, masomo nayo yapunguzwe siku za kwanza. Wazazi husahau kwamba hata hesabu ni mazoezi ya ubongo.

Kuhusu ndoto yake ya kulipwa, iache iwepo, ila uiwekee mwenza. Amalize shule, awe na fani. Wachezaji wa daraja la pili kule Uingereza wanaoshika bomba mchana na mpira jioni hawakushindwa maisha. Wakifika miaka 34 wao ndio wanaolala vizuri kuliko nyota.

Na Jumamosi ijayo akicheza, nenda. Usikae nyuma na wazazi wanaopiga picha, simama kwenye mstari. Ukimwona amegongwa kichwa, ameinuka anayumba, na hakuna anayemtoa, usifanye kama mimi. Ingia uwanjani. Refa atapuliza filimbi, wenzake watacheka, na kijana ataona aibu wiki nzima. Ingia tu, umshike mkono, mtoke pamoja.